Koki ya Ghorofa ya Tatu

Katika jengo lile la ughaibuni, nyumba sita zilitegemea tangi moja, na ufunguo wa koki ya kila nyumba aliushika Bi Mwanashehe. Majirani walilalamika kwamba Mzee Haruni wa ghorofa ya tatu anamaliza maji.

"Mfungie, ajifunze," walisema. Akamfungia maji.

Siku ya tatu, hakumsikia akikohoa kama kawaida yake. Alipanda na kumkuta kitandani amekufa, midomo imepasuka kwa homa na kiu.

"Mbona hukuniita, baba?" alimuuliza maiti.

Alasiri waosha maiti walifika. Bi Mwanashehe alifungua koki, akakinga ndoo bombani.

"Yametosha, mama," mmoja alisema.

Hakusogea. Maji yalifurika, yakashuka ngazi, yakapita milango ya majirani, na hakuna aliyefungua.