Salamu za Zuhura

Zama hizo mtaa mzima uliandikia kwenye programu moja ya mtandaoni, na kila mtu alikuwa na mipangilio yake humo: herufi zake, salamu zake, hata mbwembwe zake. Asubuhi moja Bi Mtumwa aliketi kumwandikia mumewe Shomari, aliyekuwa kazini huko juu mwezini, barua ikajianzia yenyewe: "Ubani wangu, jana nimekuota." Hayo yalikuwa maneno ya mke mwenzake, Zuhura.

Akamwita fundi Hadija.

"Mipangilio yako imepotea, bi mkubwa. Ikipotea, programu huazima ya yule wa nyumbani kwenu ambaye barua zake husomwa mpaka mwisho."

"Kumbe zangu hazisomwi?"

Fundi akajitia kukohoa. "Nikurudishie yako?"

Bi Mtumwa akatafuna tambuu yake taratibu. "Iache huko huko ilikopotelea, mwanangu."

Barua ikaenda. Miaka yote Shomari alikuwa akimjibu "sawa" tu. Leo kabla ya adhuhuri likaja jibu refu, tamu, likimtaja yeye kwa jina. Bi Mtumwa akalisoma mara mbili, akacheka, kisha akavitazama vidole vyake, vilivyoandika kwa salamu za Zuhura, kwa jicho la uke wenza.