Wavukaji wa Mbotela

Asenath alivuka barabara kwa mara ya tisa akiwa amevaa koti la mumewe na kofia ya kanisani. Alipofika upande wa pili, alimtazama msichana aliyeketi chini ya mwavuli na kidude cha kuhesabia mkononi. Msichana alibonyeza. Asenath akatabasamu, akavua koti, akajipanga kuvuka tena.

Wiki iliyotangulia, chifu alikuwa ametangaza barazani kwamba Jumanne hiyo mhandisi wa barabara angekuja Mbotela kuhesabu watu wanaovuka kwa miguu. Wakiwa wengi, angependekeza daraja la kupita juu. Wakiwa wachache, wangengoja miaka mingine. Asenath hakuwa tayari kungoja. Wajukuu wake wawili walivuka hapo kila asubuhi kwenda shule, kati ya malori ya makontena yaendayo mpakani, naye hakupata pumzi mpaka aone sare zao upande wa pili.

Kwa hiyo alipanga mambo kwa utaratibu. Kina mama wa mstari wa kwanza wa nyumba walivuka saa moja, wa mstari wa pili saa mbili, kisha wote wakabadilishana vitambaa vya kichwa na kuanza upya. Msichana yule, aliyejitambulisha kwa jina la Vivian, aliletewa chai na mandazi ili asipate sababu ya kuondoka.

"Mathe, hilo ni vazi la nne leo," Mbuthia, mwendeshaji wa bodaboda, alimtania. "Kwani una harusi ngapi?"

"Ninangoja yako, na haifiki. Egesha pikipiki, uvuke."

Mbuthia alivuka mara tano.

Saa tatu alitokea bwana mmoja mwenye miwani na mkoba, ambaye hakuna aliyemfahamu. Alisimama kando ya lami akiushangaa msafara. Asenath alidhani ni mpangaji mpya.

"Habari ya asubuhi, mama. Hapa huwa hivi kila siku?"

"Leo tumezidisha kidogo, baba. Shika hii sukuma wiki, uonekane umetoka sokoni, tuvuke."

"Mama, mimi nime—"

"Kila mtu ana kazi yake. Yangu leo ni daraja. Twende, huyo wa lori amepunguza mwendo."

Lori halikuwa limepunguza. Yule bwana alirukia ukingoni, na kiatu chake kimoja kikabaki katikati ya barabara, ambako lori la pili lilikiponda kikawa bapa kama chapati. Kina mama walicheka mpaka wakashikana mabega. Kisha Asenath akamletea ndara za mumewe na fungu jingine la sukuma. Bwana yule alijaribu tena kueleza jambo saa tano, na tena saa nane, lakini kila mara foleni ya wavukaji ilikuwa imeanza kusogea. Mwishowe aliacha kujaribu, akavuka tu.

Saa kumi na mbili jioni, Vivian alikunja mwavuli. Asenath alimwendea akichechemea, uso ukimng'aa.

"Binti yangu, tumefika wangapi?"

"Elfu sita na mia mbili, mama. Bosi atafurahi sana. Mahali penye watu wengi hivi, bucha haiwezi kukosa wateja."

"Bucha?"

"Ana moja Soko la Burma. Amenituma nimtafutie pa kufungua ya pili."

Kina mama walitazamana. Mbuthia alizima pikipiki aliyokuwa ameiwasha.

"Na huyo mhandisi," Asenath aliuliza kwa sauti ya chini, "hata hakuja?"

Bwana mwenye miwani, aliyekuwa ameketi ukingoni akijikanda kifundo cha mguu, aliinua mkono polepole.

"Nilikuja, mama. Tangu saa tatu."

Alifungua mkoba, akatoa fomu isiyokuwa na hata alama moja. Penye idadi ya wavukaji akaandika: mmoja, mimi mwenyewe, mara kumi na moja. Chini yake, penye maoni ya mhandisi, akaandika: jengeni daraja.