Kisiwa cha Edmonton

Nyumba ya Edmonton, huku kwa Waingereza, iliuzwa mpangaji wake, Time, akiwa ndani, kama kuku na tenga lake, na hakuna aliyemwambia. Leo mwenye nyumba, mzee mzaliwa wa Kupro, alisimama sebuleni kwa Time akimnyooshea mnunuzi ufunguo.

"Huyu atoke mwezi huu huu," mnunuzi alisema, kana kwamba anazungumzia kabati.

Time akacheka. "Mzee wangu, kila nikikuletea chai wanisimulia kisiwa chenu. Mturuki alipomkabidhi Mwingereza kisiwa hicho, wenyeji mliulizwa?"

"Hatukuulizwa."

"Na Mwingereza alipogoma kuondoka, wewe na vijana wenzako mlimfanyaje?"

Ufunguo, wenye meno yaliyoliwa na miaka, ulikuwa bado vidoleni mwa mzee, karibu kabisa na kiganja cha mnunuzi.

"Mwambie mgeni wako," Time alisema. "Asije akasema hakuonywa."

"Tulimtegea mabomu," mzee akanong'ona.

Mnunuzi akatabasamu, ila mkono hakuurudisha.

Basi Time, ambaye tangu avunje ungo hajampa mkono mwanamme asiye nduguye, akakipenyeza kiganja chake chini ya ufunguo, juu ya kile cha mnunuzi, akangoja mzee auachie.