Kamera Iliyoombewa Ichemke

Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Asukile alikuwa anaiombea kamera yake ichemke.

Siku nyingine angeihangaikia kama mtoto mwenye homa. Kila alipotoka Mbeya kuja kupiga video za sherehe huku Chunya, ilikuwa vita: mwavuli juu ya kamera, kioo cha nyuma kimefunguliwa kipate hewa, betri ya akiba kivulini. Ukizembea tu, alama nyekundu ya kipimajoto inawaka na kamera inajizima. Leo mwavuli ulikuwa chini ya meza, umekunjwa.

Bibi harusi ndiye aliyemwomba.

"Kaka Asukile, nisitiri," Ikupa alimwambia asubuhi, machozi yakimlengalenga. "Wakwe zangu wako njiani tangu jana kutoka Ilula, na basi lao la kurudi linaondoka saa tisa. Baba mkubwa akishika kipaza sauti wataondoka na njaa. Nitaishije nao?"

Baba mkubwa huyo, Mzee Ambokile wa Uyole, alikuwa msemaji wa ukoo. Kwenye kila sendofu, sherehe ya kumuaga binti anayeolewa, aliwataja mababu mmoja mmoja, na chakula hakikufunuliwa mpaka amalize. Akimruka babu mmoja, ukoo mzima unanuna mwaka mzima. Kwenye sendofu ya dada yake Ikupa alisema saa mbili na nusu. Sufuria zilipofunuliwa, mafuta ya nyama yalikuwa yameganda. Lakini wazee waliobaki Tukuyu walitaka kuiona hotuba yote kwenye video, kwa hiyo kamera ikijizima, msemaji naye ananyamaza.

Saa saba mzee alisimama ndani ya koti lake zito la sufu. Kwanza akaja kuichungulia kamera. Alikuwa mwalimu mstaafu, na kumdanganya mtu wa aina hiyo ni kazi.

"Hii inaliweza jua la huku?"

"Ikizidi joto inajizima, mzee. Ila leo itavumilia," Asukile alisema.

"Huchukua muda gani?"

"Ikikaa juani, dakika ishirini hivi."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akaanza. Babu wa kwanza akapita. Wa pili akapita, pamoja na ng'ombe wake wote. Jua likasogea, na kivuli cha turubai kikaifunika kamera. Asukile akaliangalia jua. Angeisogezaje juani mbele ya macho ya mwalimu?

"Kijana!" mzee akaita kwenye kipaza sauti. "Huko kivulini utanitoa vibaya. Hamia huku juani!"

Asukile nusura acheke. Akahamia mbio.

Upepo ukatimua vumbi. Mzee akakatisha habari za babu wa tatu, akavua koti, akaja kuivika kamera, akabakiza lenzi tu. "Vumbi hili litaua mashine ya watu," akasema kwa huruma.

Asukile aliuma midomo. Watu wa baridi ya Uyole, alijisemea, kila wanachokipenda wanakifunika.

Babu wa nne hakufika mbali. Alama nyekundu ikawaka, kioo kikawa cheusi.

"Mzee, imechemka!"

Mzee akaja, akaigusa kamera, akarudisha kidole haraka. Alisikitika mbele ya watu wote. "Basi, ndugu zangu. Joto limetukatisha. Chakula kifunuliwe."

Wakwe walikula wakaongeza. Saa tisa waliliendea basi lao wakijishika matumbo, na Ikupa, kutoka meza kuu, akamtazama Asukile na kuweka mkono kifuani.

Lakini roho ilikuwa inamsuta Asukile. Mzee wa watu alikuwa amevua koti lake kwa wema, na yeye amemfanyia mchezo. Akalikunja koti vizuri, akaenda kumtafuta. Alimkuta nyuma ya turubai, peke yake, na sahani ya mbavu zilizokuwa bado zinatoa moshi.

"Mzee, koti lako. Na hotuba, nisamehe sana."

Mzee Ambokile akatazama kulia, akatazama kushoto, akamvuta karibu kwa mkono wenye mafuta.

"Jumamosi ijayo nasema Makongolosi," akanong'ona. "Njoo na kamera hiyo hiyo. Miaka kumi na tisa ya usemaji, mwanangu, leo ndiyo nimekula nyama ya moto. Koti nitakuja nalo."