Nguvu za Simiyu

Mchezaji wa raga akishtakiwa, klabu humsimamisha na kumzima nguvu za mwili mpaka hukumu. Simiyu, aliyezoea kuangusha majitu uwanjani, sasa alimpa mama yake, Rispa, chupa ya asali amfungulie.

"Mama, sikumpiga yule mtu."

"Najua. Kula."

Mkewe, Nanjala, akapita akifagia. "Toa miguu mezani, bwana mkubwa! Hapa si uwanjani." Akacheka.

Rispa akashtuka. Tangu waoane, hakuwahi kumsikia Nanjala akimtania mumewe.

Jikoni, Nanjala akamnong'oneza, "Mama, kesho baada ya hukumu watamrudishia nguvu?"

"Akiachiliwa, ndiyo."

Fagio likamponyoka Nanjala. Rispa, aliyekuwa akiomba kila siku mwanawe aachiliwe, hakujua tena aombe nini.