Pigo la Ngiri Lisilo na Shahidi

Palikuwa na Ngiri, bingwa wa gofu kwa kinywa chake mwenyewe. Kila mara wenzake, Kobe na Korongo, walipojiandaa kupiga mpira, yeye aliwapa mgongo akachimba mizizi. Wakimlalamikia, alisema, "Pigo la mwenzangu linanihusu nini?"

Siku moja akapiga yeye. Mpira ukapaa, ukadunda mara mbili, ukatumbukia shimoni. Pigo moja tu! Akawageukia wenzake.

"Jamani, mmeona?"

Korongo aliinua mdomo uliojaa udongo. "Tulikuwa tunachimba mizizi, bwana."

"Lakini bila shahidi pigo halihesabiwi!"

"Pole sana," alisema Kobe taratibu, akitafuna. "Ila pigo la mwenzetu linatuhusu nini?"

Ngiri akautoa mpira shimoni, akautazama. Ni huo tu uliojua, nao hauna mdomo.