Somo wa Mwanamvua

Siku hizi kila nyumba hujitunzia kumbukumbu za watu wake, wazima na marehemu, na sheria inaruhusu nakala moja tu. Mimi nikatengeneza programu yetu mwenyewe, skrini nyeusi na amri mbili: weka na soma. Ukiandika "soma Mwanamvua," marehemu mama yangu anakujibu kwa maneno yake, na umbea wa miaka sabini. Majirani hujazana sebuleni, mimi nawasomea.

Juzi kaka yangu kapata binti. Kwetu binti wa kwanza huchukua jina la bibi mzaa baba, basi vigelegele vikasikika mpaka mtaa wa pili.

"Wifi, nimwandike mwenyewe?" akauliza Saumu, mama mtoto.

"Mwandike, si umezaa wewe!"

Akaandika "weka Mwanamvua," akaongeza uzito na siku ya kuzaliwa, akabonyeza. Nilipiga kigelegele kama mwehu.

Bi Riziki, shoga wa mama tangu usichana, akasema, "Haya, mwambieni mwenzangu kapata somo, mjukuu wa jina lake."

Nikaandika "soma Mwanamvua." Skrini ikajibu: Kilo tatu na robo. Kazaliwa Alhamisi.

Nikaandika tena. Kilo tatu na robo.

Sikuwa nimeifundisha programu kwamba kwetu jina moja hubeba watu wawili. Ilimweka mtoto palepale alipokuwa mama, ikamfuta mama.

"Mama kasemaje?" Saumu akauliza, bado anacheka.

"Kafurahi," nikasema. "Anasema acheni kelele, mtoto anyonye."

"Ndiye mwenyewe huyo!" Bi Riziki akafuta machozi. "Haya, endelea kusoma."